Kuuza Nyumba: Broka, Pesa ya Kwanza na Mnunuzi Anayechelewa



Somo la leo limetokana na maswali tunayoulizwa kila tunapotembelea vikundi. Mtu ameamua kuuza nyumba yake. Pengine ni ploti ya sokoni, futi 50 kwa 100, yenye vyumba vya kupangisha. Pengine ni boma lenyewe pamoja na ekari mbili. Sababu huwa nzito: bili ya hospitali, karo ya chuo, au mzee amefariki na watoto wote wamehamia mjini. Broka ameleta mnunuzi, mnunuzi ametoa pesa ya kwanza, watu wamepeana mikono na kunywa chai. Baada ya hapo, kimya. Mwezi unaisha, miezi mitatu inaisha, mwaka unageuka. Ukimpigia broka simu anajibu, "Mama, tulia, pesa iko njiani."

Tunaomba mwenyekiti achague msomaji mmoja asome kwa sauti, sehemu moja moja, na mzungumze kidogo kabla ya kuendelea. Wanaume msiwaachie akina mama somo hili, wala akina mama msiseme ni mambo ya wazee. Nyumba ikiuzwa vibaya wote hulala nje.

Mfano wa vyumba vinne

Tuchukue mfano. Tumeutunga sisi, lakini kila kipande chake tumekiona mahali fulani.

Mama mmoja ana ploti yenye vyumba vinne, na kila chumba hupangishwa kwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Anaiuza kwa 2,400,000. Mnunuzi anatoa asilimia 10, yaani 240,000, na anaahidi kumaliza "baada ya miezi michache". Broka papo hapo anakata 70,000 yake. Mama analipa hospitali 120,000, na 50,000 zinazobaki zinaenda shuleni. Mnunuzi anaomba funguo ili aanze kurekebisha paa. Mama anaona haya kumkatalia mtu aliyekwisha kutoa pesa, basi anampa.

Sasa hesabuni pamoja nasi. Wapangaji wanne wanamlipa nani? Wanamlipa huyu bwana mpya. Ni 12,000 kila mwezi. Kwa miezi 11 amepokea 132,000, zaidi ya nusu ya pesa aliyotoa. Akikaa miezi 20 atakuwa amerudisha 240,000 zake zote kutoka katika nyumba ya mama mwenyewe, na bado anadaiwa 2,160,000. Mtu wa namna hiyo aharakishe kwa nini?

Na broka je? Alikwisha kulipwa siku ya kwanza. Hana shida na mnunuzi akimaliza au asipomaliza.

Aliyebaki na haraka ni mama peke yake, na yeye ndiye amefungwa. Akisema, "Basi nirudishie nyumba yangu," ataulizwa, "Ziko wapi 240,000?" Zimekwisha. Watu wengi hufikiri pesa ya kwanza humfunga mnunuzi. Ikishaliwa humfunga muuzaji.

Ndiyo sababu tunasema kuchelewa mara nyingi si bahati mbaya. Kumo ndani ya mpango wa mauzo tangu siku ya kwanza. Kila mmoja hukimbia mpaka siku anapopata chake. Kazi ya muuzaji ni kupanga mauzo yake ili kila mtu apate chake mwisho, siku moja, pale pesa yote inapoingia.

Broka

Si haki kusema mabroka wote ni wezi. Wako wanaotembea na jua kutwa wakitafuta mnunuzi, na nyumba ya kijijini bila wao ingekaa miaka. Lakini fahamuni kwamba Kenya ina Sheria ya mawakala wa ardhi na nyumba, Sura 533, na kuna bodi inayowasajili. Mtu hana ruhusa ya kufanya kazi hiyo kama biashara bila kusajiliwa. Wengi wa wale wanaokaa pale stendi na kwenye mikahawa hawajasajiliwa. Mwulizeni kwa heshima, "Ndugu, cheti chako kiko wapi?" Jibu lake litawafundisha mengi.

Mchezo unaotusumbua sana ni wa bei mbili. Broka anamwambia muuzaji, "Nimepata mtu wa milioni moja na laki nane." Kule kwa mnunuzi amesema milioni mbili na laki nne. Hizo laki sita katikati ni zake, mbali na malipo yake ya kawaida. Ili mchezo huo uende, muuzaji na mnunuzi ni lazima wasikutane. Kwa hiyo utasikia: mnunuzi yuko Qatar, mnunuzi ni mkubwa serikalini hapendi kuonekana, mnunuzi amenipa mimi mamlaka yote. Hata ucheleweshaji mwingine hutoka hapa, maana mnunuzi amesikia bei ya kweli kwa jirani, akakasirika, akashika pesa yake.

Dawa yake ni nyepesi. Msisaini kabla ya kuonana ana kwa ana, au kwa wakili wa kila upande ikiwa mtu yuko mbali kweli. Bei iandikwe kwenye mkataba, na pesa itoke kwa mnunuzi kwenda kwa wakili au benki moja kwa moja. Broka asishike hata senti.

Malipo ya broka nayo yaandikwe mapema: ni kiasi gani, nani anayalipa, na lini. Tunashauri yalipwe siku ile bei yote imelipwa. Kama atalia kwamba ana nauli, mpeni nauli. Akikataa kabisa kungoja mpaka mwisho, jiulizeni kama yeye mwenyewe anaamini mnunuzi wake ana pesa.

Halafu kuna taito. Hati halisi isitoke nyumbani kwenda na broka, hata kwa dakika kumi za kupiga kopi. Kopi upige mwenyewe. Mnunuzi halali hahitaji hati halisi ili kujua nyumba ni ya nani. Anahitaji namba ya ploti tu, naye atafanya sachi katika ofisi ya ardhi.

Pesa ya kwanza ikae wapi

Kwa desturi ni asilimia 10 ya bei. Mahali pazuri pa kuiweka ni kwenye akaunti ya wakili, na mkataba useme kwamba anaishika kwa niaba ya wote wawili mpaka mauzo yakamilike. Hapo mauzo yakivunjika kwa kosa lako, pesa ipo ya kurudisha. Yakivunjika kwa kosa la mnunuzi, mkataba uwe umesema ni kiasi gani kinabaki kwako kama fidia.

Tunajua mtasema, "Lakini mimi nauza kwa sababu nina shida leo." Ni kweli, na hatuwezi kumwambia mtu aliye na mgonjwa wodini angoje siku 90. Ikiwa ni lazima utumie, basi mkataba useme wazi kwamba sehemu fulani imetolewa kwako, na utumie ile unayoweza kuirudisha ukiuza ng'ombe au ukikopa kikundini. Hapa ndipo kikundi kinapofaa. Mkopo wa kikundi wa 40,000 kwa miezi mitatu unaweza kumwokoa mwenzenu asile 240,000 za mnunuzi na kufungwa nazo.

Funguo nazo ni za siku ya mwisho. Mnunuzi akitaka sana kuingia mapema, aingie kama mpangaji, kwa karatasi ya kupanga yenye kodi ya kila mwezi na tarehe ya kutoka. Na kodi ya wapangaji wengine iendelee kuja kwako mpaka bei iishe.

Je, kuchelewa huku ni kwa kweli?

Kuna kuchelewa ambako si ujanja, na ukikosa kukutambua utagombana na mtu mwema.

Kwanza ni bodi ya ardhi. Ukiuza shamba la kilimo, Sheria ya udhibiti wa ardhi, Sura 302, inataka idhini ya bodi. Kwa kawaida bodi hukaa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mkikosa kikao kimoja mmepoteza wiki nne bila mtu kuwa na hila. Lakini shikeni sana hili: maombi ya idhini yapelekwe kabla ya miezi sita kwisha tangu mkataba ulipofanywa. Bila idhini, sheria inayahesabu mauzo kuwa si kitu, na pesa aliyotoa mnunuzi anaweza kuidai kama deni. Mahakama huweza kuongeza muda ikiona sababu ya kutosha, lakini mwanakijiji gani anataka kuanza safari hiyo? Kwa hiyo mnunuzi anayewaambia, "Bodi tutaenda tu siku moja," anawaweka pabaya, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Pili ni benki na Sacco. Mnunuzi anayenunua kwa mkopo hawezi kuleta pesa kwanza. Benki inataka hati iandikwe jina lake na dhamana isajiliwe, ndipo itoe pesa. Muuzaji akisikia hivyo huruka: "Nihamishe kabla ya kulipwa?" Woga wake ni wa haki. Njia inayotumika ni barua ya ahadi ya kitaalamu kutoka benki au wakili wake, kwamba baada ya usajili watalipa kiasi fulani katika siku fulani. Barua hiyo isomwe na wakili wako kabla hujatoa hati. Ahadi ya mdomo ya ofisa wa mikopo, hata awe mtoto wa shemeji yako, haitoshi.

Tatu ni mnunuzi anayengoja kuuza chake ndipo anunue chako. Anauza shamba Kitale ili anunue nyumba Njoro, na yule wa Kitale naye anangoja pesa ya mwanawe. Huyu si mwongo, lakini amekufunga kwenye mkia wa msururu usioujua. Kwa hiyo kabla ya kusaini mwulize bila aibu, "Baba, pesa itatoka wapi?" Swali hilo halimtukani mtu. Anayenunua nyumba anategemea kuulizwa.

Nne, na hii inauma, ni sisi wauzaji wenyewe. Mara nyingi sana hati bado iko kwa jina la marehemu. Mama anauza, watoto wanauza, na hakuna aliyekwenda kortini. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura 160, mali ya marehemu haiuzwi mpaka korti itoe hati ya usimamizi na kuithibitisha, na kwa kawaida uthibitisho haupatikani kabla ya miezi sita tangu hati hiyo kutolewa. Kuigusa mali hiyo kabla ya hapo ni kosa la kisheria. Nyumba ya ndoa nayo haiuzwi bila kibali cha mume na mke wote wawili, tangu Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Tumeona mauzo yakikwama kwenye bodi kwa sababu mke alisikia habari kwa jirani. Hapo mnunuzi ndiye mwenye haki ya kununa.

Ukiondoa hayo manne, uwe macho. Mnunuzi ambaye kila wiki analeta watu wapya kuiangalia nyumba, akisema ni "ndugu zangu", huenda anatafuta mtu wa kumuuzia kwa bei ya juu kabla yeye hajamaliza kukulipa. Pesa yake ya kwanza ilikuwa ya kushika nafasi tu.

Mkataba, tarehe na notisi

Sheria ya Mikataba, Sura 23, inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, yasainiwe na pande zote mbili, na sahihi za kila mmoja zishuhudiwe. Karatasi yenye sahihi ya upande mmoja ni kama risiti tu. Barua iliyoandikwa mbele ya chifu inaweza kusaidia kama ushahidi, lakini chifu hahamishi ardhi. Anayehamisha ni msajili wa ardhi.

Ndani ya mkataba tafuteni tarehe. Mikataba mingi ya Kenya huweka siku 90 za kumaliza. "Baada ya miezi michache" si tarehe. "Mnunuzi akipata mkopo" si tarehe. Kama ni malipo ya vipande, kila kipande kiwe na siku yake na kiasi chake. Halafu mkataba useme mnunuzi akichelewa atalipa riba gani, na baada ya notisi ya siku ngapi muuzaji ana haki ya kuvunja. Siku 21 ndizo hutumiwa sana.

Tarehe ikipita, msikae mkipigiana simu. Wakili aandike notisi, nanyi mhifadhi kopi na uthibitisho kwamba imefika. Wengine huona notisi ni kama vita. Sivyo. Tumeona wanunuzi waliolala miezi minane wakaamka kwa notisi moja, maana sasa pesa yao ya kwanza iko hatarini.

Jambo moja la kuogopa sana: usichukue pesa ya mnunuzi wa pili kabla ya kuvunja na wa kwanza kwa maandishi. Yule wa kwanza akiwa na mkataba anaweza kuweka zuio katika ofisi ya ardhi, na hapo huwezi kumhamishia mtu yeyote. Utakuwa na wanunuzi wawili, hasira mbili, na pesa umekula. Broka akikunong'onezea, "Yule wa kwanza mwachie mimi," mkimbie.

Pia mtashauriwa mwandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ya stempu iwe nafuu. Kodi hiyo hulipwa na mnunuzi, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, kwa hiyo faida ni yake. Hasara ni yako, maana akikataa kulipa ile sehemu isiyoandikwa, utaidai kwa karatasi gani? Na serikali ina wathamini wake, hawasomi mkataba tu.

Upande wa muuzaji kuna kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida uliyopata, si ya bei yote. Wengi wa wasomaji wetu huwa hawaidaiwi. Nyumba uliyokaa mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza imesamehewa, vivyo hivyo shamba la kilimo la chini ya ekari 50 nje ya miji, na ardhi ya mtu binafsi isiyozidi shilingi milioni 3. Hata hivyo ofisi ya kodi itataka fomu zijazwe, na PIN ni lazima. Mtu asiye na PIN aitafute sasa, si siku ya mwisho.

Kuhusu siku yenyewe ya malipo: tangu Oktoba 2009 hundi moja ya zaidi ya shilingi milioni moja haipitishwi kati ya benki na benki, kwa hiyo pesa nyingi ije kwa uhamisho wa benki. Ujumbe wa simu si pesa. Nenda benki, ona salio, ndipo utoe funguo.

Vikundi vyenye ploti

Ikiwa ploti ni ya kikundi, mambo yote hapo juu ni yale yale, lakini ongezeni kumbukumbu za mkutano zenye sahihi za wanachama walioamua kuuza. Hakikisheni pia kikundi kimesajiliwa upya kufuatana na sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022. Mweka hazina asiende peke yake kwa wakili. Waende watatu.

Maswali ya kuzungumzia

1. Katika mfano wa vyumba vinne, ni siku gani hasa mama alipoteza nguvu zake? Wengine watasema ni siku ya funguo, wengine siku ya karo. Toeni sababu.

2. Kati ya nyumba na mashamba ya wanachama wetu, ni ngapi hati zake bado ziko kwa jina la marehemu? Si lazima mtu ajitaje mbele ya wote. Katibu akusanye vikaratasi.

3. Kikundi chetu kinaweza kumkopesha kiasi gani mwanachama anayengoja mauzo yakamilike, na kwa dhamana gani?

4. Wawili wenu waigize: mmoja broka, mmoja muuzaji. Broka anataka taito ya kupiga kopi na malipo yake leo. Muuzaji amkatalie bila kumvunjia heshima. Badilishaneni.

5. Leteni kalenda. Mkataba wa shamba ukisainiwa leo, siku 90 zinaisha tarehe gani? Miezi sita ya kupeleka maombi kwa bodi inaisha lini? Mkutano ujao wa bodi katika eneo letu ni lini, na nani ataenda kuuliza?